Kusadikika Juu ya Kilimanjaro

Jioni moja huku kwetu Chamazi umeme ulikatika, na kama kawaida mtaa mzima ukahamia nje. Nilikuwa nimekaa barazani na jirani yangu, mama mmoja anayeuza vitumbua, pamoja na mzee mstaafu wa bandarini na vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wanasubiri abiria. Ilikuwa kama saa moja na robo usiku. Ghafla kijana mmoja akasema, "Oyaa, hebu cheki juu!"

Tukainua vichwa. Kulikuwa na taa angani, ishirini na ushei hivi, zimejipanga mstari mmoja kama shanga kwenye uzi, zinapita taratibu bila sauti yoyote. Hazikuwaka na kuzima kama taa za ndege. Zilipofika upande wa pili zikaanza kupotea moja moja, kana kwamba zinaingia mlangoni.

Mama akasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, midomo ikimcheza. Mzee akasema hizo ni ndege za vita, zinaelekea wanakokujua wao. Kijana wa bodaboda akasema, "Hao si wa dunia hii, mzee wangu. Hao wamekuja." Halafu wote wakanigeukia mimi. "Wewe si mwandishi? Haya, tuambie."

Nilikuwa na jibu, na nitalitoa mbele ya safari. Lakini swali la kijana yule lilinikaa kichwani kwa sababu nyingine. Tumezoea kuliona kama swali la Wamarekani: jangwa la New Mexico, wanajeshi wenye siri, sinema za Hollywood. Kumbe Afrika Mashariki tuna jalada letu wenyewe. Lina rubani, lina mlima, lina mawe mawili, na lina kitabu kimoja ambacho wengi wetu tulikisoma shuleni bila kukiweka karibu na habari hizi.

Tuanze na rubani.

Asubuhi ya tarehe 19 Februari 1951, ndege ya shirika la East African Airways, aina ya Lodestar, yenye injini mbili za pangaboi, iliondoka Nairobi kwenda Mombasa. Rubani alikuwa Kapteni Jack Bicknell na afisa wa redio aliitwa D. W. Merrifield. Yapata saa moja na dakika ishirini, Merrifield alimwonyesha rubani kitu cheupe, kinang'aa kama nyota, kimetulia juu ya Mlima Kilimanjaro. Jua lilikuwa limeshachomoza, kwa hiyo nyota isingetarajiwa. Wakakitazama, na abiria nao wakakitazama. Kwa maelezo yao kilikuwa na umbo la risasi, rangi ya fedha, mistari mitatu myeusi ubavuni, na kwa makadirio yao kilizidi futi 200 kwa urefu, yaani zaidi ya mita 60. Kilikaa vile, kikasogea, kikatulia tena, hatimaye kikaelekea mashariki huku kikipanda mpaka kikapotea. Yote hayo yalichukua kama dakika 17.

Dakika 17 ni nyingi, jamani. Kimondo hupita kwa sekunde chache. Radi haikungoji uite wenzako. Dakika 17 ni muda wa kutosha kupanda daladala Mbagala Rangi Tatu na kufika mbali kidogo, kama hakuna foleni. Ndiyo maana kisa hiki kimedumu. Wanaopenda habari za visahani virukavyo duniani kote wanakitaja mpaka leo, na kila wanapokitaja wanasisitiza jambo lile lile: mashahidi walikuwa watu wa kuaminika. Mmoja rubani, mwingine afisa wa redio, watu waliozoea anga.

Hapo ndipo penye kisa chenyewe, kwa maoni yangu. Neno zito katika habari yote hii ni "kuaminika".

Kwanza tukumbuke dunia ilikuwa inasikiliza nini wakati ule. Tarehe 24 Juni 1947, Mmarekani mmoja aliyekuwa anaendesha ndege yake ndogo, Kenneth Arnold, alisema ameona vitu tisa vikiruka kwa kasi karibu na Mlima Rainier, jimbo la Washington. Alipoeleza jinsi vilivyokuwa vinakwenda, alivifananisha na kisahani ukikirusha juu ya maji kikawa kinadundadunda. Yeye alikuwa anazungumzia mwendo. Magazeti yakaligeuza kuwa umbo, na ndani ya wiki chache Marekani nzima ilikuwa inaona visahani. Uingereza nayo, iliyokuwa inatutawala, iliunda kamati ya siri ya wataalamu mwaka 1950 kuchunguza habari hizo, na mwaka 1951 kamati ikahitimisha kwamba hakuna cha kuchunguza: watu wameona vitu vya kawaida wakakosea, au wamedanganyika, au wametunga. Kwa hiyo Bicknell na Merrifield walipotazama juu ya Kilimanjaro, walikuwa tayari na neno la kuitia ile picha. Hilo haliwafanyi waongo. Jicho hutafuta jina la kinachoonekana, na huchukua jina lililo karibu.

Pili, kuna tatizo la kipimo. Ukiona kitu angani na hujui kiko umbali gani, huwezi kujua ukubwa wake. Hakuna namna. Kidole gumba changu kinafunika mnara wa simu ulioko mtaa wa pili. Ukisema kitu kina futi 200, umeshaamua kimoyomoyo kwamba kiko juu ya mlima. Lakini kitu kilicho kwenye mstari mmoja na mlima kinaweza kuwa mbele yake sana au nyuma yake sana. Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, unaonekana kutoka njia ya Nairobi kwenda Mombasa kama jirani, na kumbe uko mbali. Ukibadilisha umbali, ukubwa unabadilika, na kasi inabadilika pia. Chombo cha ajabu kinaweza kugeuka kitu kidogo kilicho karibu, kinachokwenda polepole.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi: kitu cha mita 60 kikining'inia juu ya Kilimanjaro saa moja na nusu asubuhi kingekuwa juu ya vichwa vya watu. Saa hizo Marangu, Rombo, Machame na Loitokitok watu wako macho, wengine wako kwenye kahawa, wengine wanachota maji, watoto wanakwenda shule. Lakini katika kisa kama kinavyosimuliwa, wanaosema ni wale waliokuwa ndani ya ndege tu. Mlima umejaa watu, na hakuna anayeulizwa.

Sasa kitabu. Mwaka huo huo wa 1951, Shaaban Robert alichapisha Kusadikika. Wengi wetu tulikisoma kwa ajili ya mtihani, tukakariri dhamira na maudhui, tukakisahau. Lakini kumbuka jina lake kamili: Kusadikika, Nchi Iliyo Angani. Mwandishi wetu mkubwa alikuwa ameweka nchi nzima hewani katika mwaka ule ule ambao rubani aliona kitu hewani. Simaanishi kwamba mmoja alimsikia mwenzake. Ni mwaka tu umewakutanisha. Ila ukikisoma upya kitabu kile ukiwa na kisa cha Bicknell kichwani, utashangaa.

Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Badala ya kujitetea mwenyewe kwa maneno matupu, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kwenda nchi za mbali: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alikwenda kwa taabu, akaona, akarudi na habari za mambo mema yanayoweza kuletwa nyumbani. Na kila mmoja aliporudi akaadhibiwa. Kosa lao lilikuwa kuona kitu ambacho wakubwa hawakutaka kukisadiki. Nchi inaitwa Kusadikika, na ndani yake shahidi hasadikiki.

Hilo lilikuwa fumbo la ukoloni, walimu walitufundisha hivyo na walikuwa sahihi. Na mwaka ule halikuwa fumbo la kitabuni tu. Novemba 1951, kwenye Mlima Meru, jirani kabisa na Kilimanjaro, Wameru walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao ipewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kueleza Umoja wa Mataifa yaliyowapata. Mjumbe wa kweli, kwenda nchi ya mbali, akiwa na ushahidi wa kweli: nyumba zilizochomwa, ng'ombe, majina ya watu. Alisikilizwa, akapewa heshima, na ardhi haikurudi. Weka hayo mawili mezani. Rubani anasema ameona risasi ya fedha angani, hana kipande mkononi, anasadikiwa mpaka leo kwa sababu ya cheo chake. Maelfu ya Wameru wanasema wamefukuzwa makwao, na ushahidi uko ardhini unaonekana, nao wanaambiwa suala lina pande mbili.

Ndiyo maana nikisikia hoja ya "shahidi wa kuaminika" huwa nashtuka kidogo. Nauliza: aliyepanga nani aaminike ni nani?

Lakini nisije nikaonekana nasema kila anayeona asadikiwe. Sisemi hivyo. Nasema tutafute kitu ambacho hakimtegemei mwenye cheo wala asiye na cheo. Na hicho tunacho, tena hapa hapa Tanzania. Tunacho kwa umbo la jiwe.

Kule Mbozi, kijiji cha Ndolezi, ambako sasa ni Mkoa wa Songwe, kuna kimondo chenye uzito wa takriban tani 16 na urefu wa kama mita tatu. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Vitabu vinasema kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi W. H. Nott. Kiligunduliwa, unaambiwa! Wenyeji walikuwa wanalijua lile jiwe miaka mingi, walilipita wakienda shamba. Alichofanya Nott ni kuliingiza kwenye karatasi. Hata hivyo, jiwe lenyewe halijali ni nani aliyeliandika. Lichukue, likate, lisugue, litakupa jibu lile lile ukiwa profesa au ukiwa mchunga mbuzi: mimi si wa hapa. Chuma chenye nikeli kwa kiasi kile na kwa mpangilio ule wa ndani hakipatikani ukichimba kisima.

Sisi watu wa pwani tuna maelezo yetu kuhusu vimondo. Madrasa tuliambiwa kwamba mashetani hupanda juu kudukua maneno ya mbinguni, na malaika huwatupia kimondo kuwafukuza. Ukiona mstari wa moto usiku, ujue kuna aliyetaka kusikiliza yasiyomhusu. Nikiwa mtoto Temeke nililiamini hilo kabisa, na sitaki kulicheka sasa. Angalau liliona kitu ambacho wataalamu wa Ulaya walikataa kwa muda mrefu. Mpaka mwishoni mwa karne ya 18, wasomi wengi wa Paris walikuwa wanawacheka wakulima waliosema mawe yameanguka kutoka angani. Ilikuwa mwaka 1803, mawe zaidi ya elfu mbili yalipoanguka karibu na mji wa L'Aigle, ndipo serikali ya Ufaransa ilipomtuma Jean-Baptiste Biot akawahoji wanakijiji na kuokota mawe, na mjadala ukaanza kufungwa. Wakulima walikuwa sahihi. Waliothibitisha usahihi wao ni mawe.

Jiwe la pili ndilo ninalolipenda zaidi, ingawa ni dogo. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, mahali penye historia ndefu ya kutengeneza chumvi. Kilichookotwa na kuhifadhiwa ni kama gramu 705. Hata kilo moja haifiki, ni sawa na mihogo miwili mitatu. Lakini lile jiwe jeusi, laini kiasi cha kumeguka, ni la aina adimu sana. Wanasayansi wakiainisha vimondo vyenye kaboni, kundi moja wanaliita CI. Hiyo herufi I ni ya Ivuna. Kila mwanafunzi wa vimondo, awe Tokyo au Houston, anataja kijiji cha Songwe pengine bila kujua kiko nchi gani. Na kundi hilo ni muhimu kwa sababu ukiacha gesi nyepesi, mchanganyiko wa vitu ndani yake unakaribiana mno na wa Jua lenyewe. Ni udongo uliobaki kutoka wakati mfumo wetu wa Jua unaumbwa, zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita.

Sasa sikiliza. Novemba 1961, wakati Tanganyika inahesabu siku kuelekea uhuru wa Desemba 9, jarida la Nature lilichapisha makala ya George Claus na Bartholomew Nagy. Walikuwa wamechunguza kwa hadubini vumbi la vimondo vya Orgueil, kilichoanguka Ufaransa mwaka 1864, na Ivuna. Walisema wameona ndani yake chembe zenye umbo kama la mabaki ya mwani. Kwa lugha ya barazani: walisema huenda wamekuta visukuku vya viumbe kutoka nje ya dunia, na nusu ya ushahidi wao ilikuwa imeanguka Rukwa.

Zogo lilikuwa kubwa. Edward Anders na Frank Fitch wa Chuo Kikuu cha Chicago walichunguza tena, wakaonyesha kwamba baadhi ya zile chembe za kuvutia zilikuwa chavua za magugu ya kawaida ya duniani zilizoingia baadaye na kubadilika sura kwa rangi za maabara. Vimondo vilikuwa vimekaa makabatini miaka na miaka, vinashikwashikwa, vinavuta hewa na vumbi. Ikaja na kioja zaidi. Mwaka 1964 Anders na wenzake walitangaza kwamba kipande kimoja cha Orgueil, kilichokuwa kimefungwa kwenye chupa tangu mwaka kilipoanguka, kilikuwa kimechomekwa mbegu ya mmea na vipande vya makaa, vikagandishwa kwa gundi. Mtu fulani miaka ya 1860 alitaka kuwachezea watu shere. Mzaha wake ulikaa chupani karibu miaka mia bila kucheka mtu.

Wengine wakisikia kisa hiki hukata tamaa: kumbe hata mawe yanadanganya. Mimi nakisoma kinyume. Uongo ule ulikamatwa baada ya karne nzima kwa sababu kitu kilibaki mkononi. Angekuwa ni mtu amesimulia tu kwamba aliona mbegu ndani ya jiwe la mbinguni, tungekuwa tunabishana mpaka leo kuhusu tabia yake na cheo chake.

Na Ivuna haikuishia kwenye aibu. Mwaka 2001 watafiti walichapisha matokeo yanayoonyesha asidi za amino ndani ya Orgueil na Ivuna, hizi ambazo baadhi yake miili yetu huzitumia kujenga protini, na dalili zao zilielekeza kwamba asili yake ni huko huko angani. Desemba 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta duniani kama gramu 5.4 za udongo kutoka kwenye asteroidi iitwayo Ryugu. Walipoupima, ndugu wa karibu wa udongo ule walikuwa vimondo vya kundi la CI. Wajapani walisafiri mamilioni ya kilomita wakarudi na kitu kinachofanana na kilichowahi kuanguka Ivuna bure, bila tiketi.

Kwa hiyo, kijana wangu wa bodaboda, nikijibu swali lako kwa uaminifu: ndiyo, wageni kutoka dunia nyingine wamekuja. Wamekuja tangu zamani. Wanakuja kila siku kama vumbi. Wamebeba chuma, maji yaliyofungwa ndani ya madini, na baadhi ya vitu ambavyo uhai umejengwa navyo. Abiria ndani yake, mpaka sasa, hatujakuta.

Na kwa nini nina mashaka na abiria? Ni umbali. Nyota iliyo karibu nasi baada ya Jua, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka nuru 4.24. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda kama kilomita 17 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo ungetoka Mbagala ukafika Morogoro kwa sekunde kama kumi na moja hivi. Lakini kwa kasi hiyo hiyo, kufika umbali wa Proxima kungechukua kama miaka 75,000. Haimaanishi haiwezekani kwa wenye akili kutuzidi. Inamaanisha kwamba anayedai wamefika ana deni kubwa la kulipa, na rangi ya fedha ya dakika 17 haitoshi kulilipa. Jeshi la Anga la Marekani lilikusanya ripoti 12,618 katika mradi wake wa Blue Book uliofungwa mwaka 1969. Ripoti 701 zilibaki bila maelezo. Watu huishika hiyo 701 kama ushindi. Lakini "haijaelezwa" ni sentensi isiyokamilika. Haina haki ya kujimalizia yenyewe kwa neno "wageni".

Tazama basi jambo linavyokwenda likienda vizuri. Tarehe 30 Desemba 2024, mchana, katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, Kenya, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani. Ilikuwa na kipenyo cha kama mita 2.5 na uzito wa kama kilo 500. Hebu fikiria uko shambani, mwaka unaisha, na kilo 500 za chuma zinashuka kutoka mbinguni. Wanakijiji waliona, wakatoa taarifa, polisi wakafika, Shirika la Anga za Juu la Kenya likaja kulichukua, na ndani ya siku chache likatoa taarifa ya awali: hiyo ni pete ya roketi, kipande ambacho kwa kawaida huungua kikirudi au huangukia mahali pasipo na watu. Hakuna aliyeulizwa kama yeye ni rubani. Hakuna aliyehitaji kuwa na cheo ili asadikiwe, kwa sababu pete ilikuwa pale inaonekana.

Na zile taa zetu za Chamazi ni ndugu wa pete ya Mukuku. Zilikuwa setilaiti za Starlink, za kampuni ya SpaceX, ambayo tangu Mei 2019 imekuwa ikizirusha kwa makundi. Siku za mwanzo baada ya kurushwa huwa zimefuatana kama watoto wa shule kwenye mstari, na zinang'aa kwa sababu jua ambalo kwetu limeshazama bado linazimulika kule juu. Zikiingia kwenye kivuli cha dunia zinapotea moja moja. Ule mlango ulikuwa kivuli chetu wenyewe.

Nilirudi barazani kesho yake nikawaeleza. Mzee wa bandarini alitikisa kichwa: "Kumbe nilisema, ni mambo ya wakubwa." Hakuwa mbali sana na ukweli, ukifikiria ni nani anayemiliki vitu vinavyopita juu ya paa zetu. Mama wa vitumbua alisema dua aliyosoma haikupotea bure, na mimi sikuwa na la kubishana naye. Kijana wa bodaboda ndiye aliyenikata maini. Alinyamaza, halafu akasema, "Basi kumbe ni watu tu."

Aliposema hivyo nilikumbuka riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi, ya mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa kwenye chombo na kurushwa angani, anatua kwenye ulimwengu mwingine ambako watu wanaishi kwa haki. Jina la ulimwengu ule ukilitamka polepole linajifungua lenyewe: wale ni sisi.

Nilimwambia kijana, "Ndiyo, ni watu. Lakini ulichoona uliona kweli." Maana hilo nalo lilikuwa linahitaji kusemwa. Alikuwa ameona mstari wa taa, bila sauti, zikapotea moja moja. Kila alichoeleza kilikuwa sahihi kabisa, sahihi kuliko "ndege za vita" za mzee. Alikosea jina tu, kama Bicknell pengine alivyokosea jina, na kama mimi nilivyokuwa nakosea madrasa.

Alifurahi, akapiga kiki pikipiki yake. Kabla hajaondoka akageuka: "Bro, zikipita tena nitazipiga video. Halafu nitakutumia, uandike jina langu."